Mizani ya Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wa kwaya hakuwahi kumsifu mtu. Ukimpelekea shairi alikuwa na majibu mawili tu. La kwanza alilisema: alisoma akiwa amesimama, akaikunja karatasi, akakurudishia mkononi kwa upole na kukuambia, "Lipeleke nyumbani likalale." La pili hakulisema. Alifumba macho, akaweka kiganja cha kushoto chini kidogo ya shingo, akaliimba palepale, bila kinanda, kwa sauti yake nene yenye mkwaruzo kama wa mlango wa mbao. Shairi aliloliimba lilikuwa limepita. Baada ya Jumapili mbili tatu lingekuwa wimbo, na wanawake wa Pasiansi, mtaa wetu wa Mwanza, wangesikika wakiliimba huku wakifua.

Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake, na nilikitaka kwa miaka yote niliyokaa katika safu ya sauti ya pili: aliimbe la kwangu.

Sijui alizaliwa wapi, na sikuwahi kuuliza. Wakerewe wa kwaya yetu walisema ni wao, kwa jinsi alivyopenda kusema "kisiwani" kama vile kipo kisiwa kimoja tu duniani. Wasukuma walisema ni wao, kwa jinsi alivyoweza kumtania mkwe wa mtu mbele ya watu na mkwe akacheka. Mwenyewe aliwaacha wagombane. Alikuwa mama mrefu, mwembamba, mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, na alivaa vitenge vilivyopauka kwa sababu vipya, alisema, vinapiga kelele vikikutana na upepo wa ziwa. Kwaya nzima ilimwita Mwalimu. Hata mchungaji alimwita Mwalimu. Mimi pia nilimwita hivyo, ingawa moyoni nilitamani niwe na jina langu peke yangu la kumwitia.

Alikuwa na mambo yaliyopingana. Alimfungia mlango mwanakwaya aliyechelewa, naye mwenyewe alichelewa karibu kila Jumamosi, akaingia na kikapu chake akisema, "Mmeshaanza? Hamna adabu." Alikataza watu kulia wakiimba, kwamba machozi yanaingia kooni na kuiharibu noti, lakini nilimkuta sebuleni kwake akilia kwa tangazo la redio la mtoto aliyepotea, mtoto aliyekuwa ameshapatikana, tangazo lenyewe likiwa la kuwashukuru waliomtafuta. Alikunywa chai bila sukari na kuwatilia wageni wake sukari bila kuwauliza, vijiko vilivyojaa, kisha akakaa akiwatazama wakinywa kwa jicho la mtu anayeona wivu.

Na wivu alikuwa nao. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanaomsimulia leo wanamfanya kuwa mtakatifu, na mimi mtakatifu huyo simjui. Mwanamke niliyemjua alikuwa na wivu kama mimi, tofauti ni kwamba wake ulikuwa na adabu zaidi.

Jikoni kwake, kwenye boriti juu ya jiko la mkaa, ilining'inia mizani ya chuma yenye uso wa duara kama saa na ndoano chini. Ilikuwa ya marehemu mume wake, aliyekuwa karani wa kununua pamba, akizunguka vijijini msimu wa mavuno. Sasa haikupima chochote. Ndoano yake ilibeba kapu la vitunguu, na mshale ulikuwa umesimama mahali pamoja tangu kabla sijaanza kwenda pale. Chini ya mizani hiyo ndipo nilipomuuliza, siku moja nikimsaidia kuchambua mchele, kwa nini hesabu ya silabi katika shairi inaitwa mizani.

"Umesoma sekondari nzima hukuuliza?" akasema.

"Tuliambiwa mizani ni idadi ya silabi katika mshororo. Nane na nane. Tukaandika."

"Mkaandika." Alipuliza makapi kutoka kwenye ungo. "Neno limesafiri lote hilo, nyie mkaandika tu."

Akanieleza, taratibu, akisimama kila mara kutoa jiwe kwenye mchele. Neno hilo ni la Kiarabu, kutoka katika shina la kupima uzito, na uzani ni ndugu yake wa tumbo moja. Wafanyabiashara walilishusha pwani pamoja na chombo chenyewe. Lakini huko lilikotoka, neno la ukoo huo lilikuwa limeshaingia kwenye mashairi zamani, kwa sababu kwao silabi zina uzito: kuna ndefu na kuna fupi, na mtunzi anazipanga kama mtu anayeweka mawe kwenye sahani mbili hadi zitulie. Likafika kwetu, likakuta lugha ambayo silabi zake zinakaribiana urefu, kama watoto wa darasa moja waliopangwa mstarini. Kupima nzito na nyepesi kukawa hakuna kazi. Watu wakahesabu vichwa.

"Kwa hiyo tuna neno la kupima," nikasema, nikijiona mwerevu, "na tunalitumia kuhesabu."

"Ndiyo." Aliniangalia kwa muda. "Na kuna watu wakishahesabu wanadhani wamepima."

Sikujua kwamba alikuwa ananiambia mimi. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyepewa siri, na usiku huo huo nikaandika beti sita, kila kipande kikiwa na silabi nane, nimezigonga kwenye meza kwa kucha.

"Zimetimia, Mwalimu," nilimwambia Jumamosi.

Alisoma. Alisoma hadi mwisho na kurudi juu akasoma tena, hadi nikaona kiganja chake cha kushoto kinanyanyuka kidogo kutoka kwenye kitenge. Kiganja kikashuka, kikashika karatasi, kikaikunja.

"Zimetimia," akasema. "Lipeleke nyumbani likalale."

Sokoni alikuwa kioja. Tulikwenda naye mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kununua sato wa chakula cha sikukuu ya kwaya. Hakuwaamini wauzaji. Alimnyanyua sato kwa kiganja, akafumba macho vilevile kama alivyofumba kwa shairi, akatamka uzito. Muuzaji akamweka samaki kwenye mizani. Mara nyingi Mwalimu alikuwa amekosea, tena kwa mbali.

"Mizani yako mbovu," alimwambia muuzaji, kijana mwenye fulana ya timu ya mpira.

"Mama, hii imepigwa muhuri wa serikali."

"Basi serikali haijui samaki."

Watu walicheka, kijana naye alicheka, na alimpunguzia bei kwa ajili ya kile kicheko. Tulipokuwa tunapanda kurudi, kati ya yale mawe makubwa yanayokaa juu ya nyumba za watu kama yanafikiria kushuka, nilimwambia kwamba kijana alikuwa sahihi.

"Najua," akasema. "Lakini angalau mimi nilimshika samaki. Yeye alitazama mshale."

Wivu wake mkubwa ulikuwa kwa watu wa pwani. Aliwaonea wivu kama mtu anavyomwonea wivu jirani aliyerithi nyumba ambayo wewe unaijenga kwa mikono. Mwaka mmoja alikuja mgeni, bwana mmoja mtunzi wa mashairi kutoka huko, mwenye kofia na mkono mwepesi wa kushukuru. Alikuwa Mwanza kwa semina na mchungaji akamleta kuisikiliza kwaya. Kwaya yetu ilikuwa ya watu wa bara. Wengi walikuwa na lugha nyingine mdomoni kabla ya Kiswahili, r na l zilibadilishana viti wakati wowote, na "mtu" wetu alitoka "mutu," mnene na mwenye afya. Mgeni alitabasamu katikati ya wimbo. Ulipokwisha akasema kwa adabu kwamba sauti ni nzuri sana, ila matamshi yanahitaji kuchongwa kidogo.

"Kwenu mtu ana mizani ngapi?" Mwalimu akamuuliza.

"Mbili, mama. M peke yake, na tu."

"Na wewe umewasikia hawa wakitoa ngapi?"

"Mbili."

"Wamezitoa zote mbili, tena umezisikia ukiwa umekaa benchi la nyuma. Wewe ya kwanza unaimeza, halafu unaihesabu."

Mgeni alicheka kwa moyo wote, akavua kofia. Kwaya ilishangilia kama timu iliyofunga goli. Wiki nzima tuliongea juu ya jibu hilo. Lakini siku mbili baadaye nilikwenda kwake kurudisha ungo, nikasikia kabla sijabisha hodi. Alikuwa jikoni anasoma shairi kwa sauti, na alikuwa anaiga. Alikuwa anaitafuta ile m ya yule bwana, ile iliyomezwa, nyepesi kama midomo inayofungwa kwa pumzi. "M-tu," alisema. "M-tu. M-tu." Niliposema hodi akanyamaza. Alipofungua mlango uso wake ulikuwa na haya, kisha ukawa mkali.

"Yeye amezaliwa nayo ndani ya nyumba," akasema, ingawa sikuwa nimeuliza kitu. "Sisi tunaipandia mlima kila siku." Akapokea ungo wake, akafunga mlango.

Nilimpenda zaidi siku hiyo kuliko siku ya jibu lake. Niliona kwamba naye alikuwa na mlango aliosimama nje yake. Nilidhani jambo hilo lingetuunganisha. Nilidhani atanitazama na kujiona.

Ndipo akaja Nyamizi.

Alikuwa anafanya kazi Nyakato, kwenye kiwanda cha samaki, anakata minofu ya sangara kwa zamu. Alikuja mazoezini moja kwa moja kutoka kazini, na vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa barafu hadi saa nzima ipite. Mama yake alikuwa amehamia visiwani kwa biashara ya dagaa na alirudi kwa nadra, safari moja na nyingine zikizidi kuachana, na Nyamizi alikaa peke yake katika chumba cha kupanga. Alikuwa mcheshi. Alikaa karibu yangu katika safu ya sauti ya pili, akaniletea mapanki, yale mafupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishakatwa, amefunga kwenye mfuko mweusi, na mama yangu akayakaanga, tukala, na baadaye nilizidi kumchukia kwa sababu yalikuwa matamu.

"We mwandishi," alininong'oneza kila Mwalimu aliponirudishia karatasi. "Leo tena limekwenda kulala?"

"Limekwenda."

"Mashairi yako yanalala sana. Labda yana malaria."

Nilicheka. Ilikuwa vigumu kutocheka.

Jumamosi moja, mazoezi yakiwa yamekwisha na watu wanakusanya viti, Nyamizi alinyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, na mimi nina kitu. Lakini sina karatasi. Kiko kichwani."

"Kitoe kichwani basi."

Akasema ubeti mmoja, haraka, akiangalia mabuti yake. Ulikuwa unamhusu mama yake. Alipomaliza tayari alikuwa amelishika begi lake, na alikuwa anarudi nyuma kuelekea mlangoni kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Kiganja kilikuwa chini ya shingo. Akaimba.

Jua lashuka ziwani, mawe yote yanangoja,
Mama bado yu njiani, taa naiwasha moja,
Chakula kiko jikoni, tutakula kwa pamoja,
Njoo mama, mlangoni, mimi bado nangoja.

Pale kwenye "bado" ya mwisho sauti yake ilikaa. Ilisimama juu ya neno hilo, ikalegea, ikashuka polepole kama mtu anayekaa chini kusubiri. Mzee mmoja wa sauti ya nne aligeuka akatazama ukuta. Nyamizi aliliachia begi lake.

"Mwalimu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyotaka, "amerudia ngoja. Yanangoja, halafu nangoja."

"Nimesikia," akasema Mwalimu, bila kufumbua macho. Akaanza tena kutoka juu, na safari hii watu wakaingia, sauti ya kwanza, ya tatu, ya nne, wakitafuta njia.

Wimbo ule uliimbwa miaka. Uliimbwa kanisani, uliimbwa kwenye misiba, uliimbwa na watu waliokuwa hawajui Nyamizi ni nani. Wote waliuimba kama Mwalimu alivyouimba, na ile "bado" ndefu mahali pake. Mimi niliufungua mdomo bila kutoa sauti. Sauti ya pili walikuwa wengi, hakuna aliyegundua. Nilisimama karibu na mtunzi mwenyewe kila Jumapili, nikipanua midomo kama sato aliyetolewa majini, nikisubiri uishe.

Nyamizi akarudi na ubeti mwingine, na mwingine tena. Baadaye akaanza kuleta karatasi. Alijifunza kugonga silabi kwa vidole vyake vyeupe kwenye benchi, na mara mbili tatu niliona Mwalimu akimrudishia, na Nyamizi akiipokea karatasi kwa kicheko. Mengine yaliimbwa. Mimi niliendelea kuleta yangu. Niliandika juu ya ziwa, juu ya mawe, juu ya mama yangu aliyekuwa nyumbani kila siku saa kumi na mbili akipepea mkaa na ambaye hakunipa cha kungojea. Nane kwa nane. Vina vya kati, vina vya mwisho. Ungeweza kumwita fundi na rula, asingekuta kasoro.

"Yana nini, Mwalimu?" nilimuuliza siku moja jikoni, chini ya ile mizani na vitunguu vyake. "Niambie kilichopungua nikiongeze."

"Hakijapungua kitu."

"Sasa?"

Alifikiri. Aliinua mkono, akaligusa kapu la vitunguu, likayumba. Mshale haukusogea. "Sijui kukuambia," akasema, na naamini ilikuwa kweli, kwa sababu uso wake ulikuwa na huzuni. Kisha akanitilia sukari kwenye chai.

Nikaacha mashairi. Nilikwenda chuo Dar es Salaam, nikaingia katika vikundi vya waandishi, tukikaa kwenye viti vya plastiki na kubishana juu ya vitabu hadi wenye mgahawa wazime taa. Nikaanza riwaya. Nilisema kwa marafiki kwamba riwaya ndiyo pumzi ya zama zetu, na nilisema vizuri. Lakini nilichagua riwaya kwa sababu haina mizani, na mahali pasipo na mizani hakuna mtu anayeweza kusimama na kukunja karatasi yako. Nikija Mwanza likizo nilimsalimia Mwalimu, nikamwonyesha hadithi zangu zilizochapwa. Alisoma ukurasa mmoja. "Maneno mengi," alisema. "Umepata nyumba isiyo na mlango." Sikujua kama anakosoa au ananionea wivu. Nilichagua kuamini la pili, nikaishi nalo.

Nyamizi aliolewa Geita. Nilisikia ana watoto na hana muda wa kwaya. Niliposikia nilifurahi kidogo, furaha ya haraka, kama mtu anayekula kitu jikoni kabla wenzake hawajaingia.

Mwaka huu riwaya yangu ya kwanza ilitoka. Nilikuja nayo Mwanza. Mwalimu alikuwa amehama Pasiansi, anakaa kwa binti yake Mkolani, katika nyumba yenye duka dogo mbele. Binti yake, mama mwenye umri wa kuwa dada yangu mkubwa, alinipokea dukani akiwa anampimia mtu sukari.

"Pita ndani," aliniambia. "Anasikia kila kitu. Ila koo limemwishia. Walimfanyia upasuaji, sauti haikurudi. Ananong'ona tu, kwa hiyo kaa karibu."

"Hajambo lakini?"

"Hajambo. Jana amenigombeza kwa kunong'ona. Ni mbaya kuliko kugombezwa kwa sauti."

Alikuwa kwenye kiti cha mbao uani, kitenge kilichopauka magotini, kitambaa shingoni. Jua la jioni lilikuwa linapita ukutani. Niliinama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Ilikuwa pumzi tu, yenye umbo la neno. "Mwandishi."

Nikampa kitabu. Hakukifungua. Alikiweka kwenye kiganja, akafumba macho kama mwaloni zamani zile, akakipandisha na kukishusha.

"Nusu kilo," akanong'ona.

"Haifiki, mama," binti yake akasema kutoka mlangoni. "Nikupimie dukani?"

"Mizani yako mbovu."

Tulicheka watatu. Kisha binti yake akaitwa na mteja, tukabaki wawili. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimechagua ukurasa wa kumsomea, nimeweka uzi wa kitambaa ndani yake, ukurasa ambao nilikuwa nimeusoma kwa sauti chumbani peke yangu hadi nikaujua. Nilifungua mdomo kusema.

"Imba ule wa Nyamizi," akasema.

Nilidhani sikumsikia. Nikasogeza kiti. "Upi?"

"Unaujua. Hapa hakuna anayeimba. Huyu mtoto wangu," akaelekeza kidevu dukani, "ana sauti ya mbuzi."

Kitabu kilikuwa magotini pake, na uzi wangu ukitokeza. Ningeweza kusema nimeusahau. Nilikuwa naujua kuliko wote, kwa sababu mtu anayefungua mdomo bila sauti anasikia kila kitu. Nikaimba. Ilikuwa mara ya kwanza kuutoa kooni mwangu. Jua lashuka ziwani. Sauti yangu ilikuwa nyembamba na iliyoona haya. Taa naiwasha moja. Sikuwa na kwaya ya kunibeba, na sikutaka kumwiga yeye, kwa hiyo niliimba kama ulivyo, neno kwa neno. Njoo mama, mlangoni. Mimi bado nangoja.

Nikaanguka. Wimbo uliisha kabla yangu, kama ngazi iliyokosa kipandio cha chini. Nikahesabu kwa vidole chini ya gauni, mi-mi-ba-do-na-ngo-ja, nikahesabu tena.

"Saba," nikasema.

Alikiweka sawa kitabu magotini.

"Mwalimu, kile kipande ni saba. Kimepungua moja. Ni saba miaka yote."

"Ni saba," akanong'ona.

"Ulijua?"

"Nilijua alipokuwa anakitamka."

"Ilikuwa ni kuongeza 'ni' tu. Ninangoja. Mtoto wa shule angeongeza." Nilisikia sauti yangu inapanda kama siku ile ya "amerudia ngoja," na sikuijali. "Yangu yaliyotimia uliyarudisha. Yote. Yake yalipungua ukayabeba kwa koo lako, ukavuta bado hadi pengo likafunikwa, na watu wakaimba pengo hilo miaka wakidhani ndiyo utamu."

"Ndiyo utamu," akasema.

Dukani mtu alikuwa anaomba apunguziwe mafuta ya kula. Mwalimu alisubiri pumzi imrudie. Ilimchukua muda, na mkono wake ulishika kitambaa cha shingoni.

"Nyamizi alikuwa na ubeti mmoja," akasema, "na mguu mmoja nje ya mlango. Ulimwona alivyoshika lile begi. Ningemwambia likalale, angekwenda nalo moja kwa moja."

"Na mimi?"

Macho yake yalicheka, na hiyo ndiyo sehemu ya kicheko iliyokuwa imebaki. "Wewe? Wewe ningefunga mlango ungeingia dirishani. Nilikuwa nakurudisha kwa sababu unarudi."

Najua kwamba maneno hayo ni zawadi. Nimeyageuza tangu siku hiyo, nimewasimulia marafiki wa Dar, na wote wamesema mwalimu wako alikupenda. Huenda. Lakini pale uani, nikiwa na kitabu changu magotini pa mtu mwingine, niliwaza jambo moja tu: ningetamani kuwa na mguu nje ya mlango. Ningetamani, hata kwa jioni moja, kuwa mtu anayeweza kupotea, ili sauti ile inyooke kunishika. Wivu wangu haukupungua hata kidogo. Ulipata tu mahali pa kukaa.

"Imba tena," akasema.

Nikaimba tena. Nilijua pengo lilipo sasa, na nilijua jinsi ya kulifunika. Nilikuwa nimemsikia akilifunika miaka mingi. Nilipofika hapo sikuvuta. Niliamua kuliacha wazi, lisikike, wote wawili tulisikie. Mimi bado, nikasema, nikakata.

Katika ukimya ule mfupi, kidole chake kiligonga jalada la kitabu changu, mara moja, mahali pa ile silabi isiyokuwepo.

Nangoja, nikamalizia.